Albamu nzima ya nyimbo za taratibu za kantri: je, itachosha watu?

Swali: "Mimi ni mwimbaji wa kike wa kantri, niko Nakuru. Nina nyimbo 14 nilizotunga mwenyewe, nyingi kwa Kiswahili, na karibu zote ni za taratibu: za mapenzi, za kuachwa, za msiba. Nataka kutoa albamu ya kwanza na nina pesa za siku 6 za studio. Tumesharekodi 2 za majaribio. Zimetoka nzito, sauti yangu imezama kwenye ala, na mmoja umefika dakika 6. Prodyuza anasema kosa ni mwendo, niongeze kasi na aweke biti, la sivyo albamu italaza watu. Gitaa la stili anataka kulipiga kwa kinanda kwa kuwa mpigaji hapatikani hapa. Pia kuna wimbo wa zamani wa Kimarekani nilioutafsiri ambao natamani sana uwemo. Nimsikilize, au nishikilie nyimbo zangu zilivyo?"

Dada yangu, usiongeze kasi bado. Prodyuza wako amesikia tatizo la kweli, na masikio yake usiyadharau, lakini dawa aliyoandika ni ya ugonjwa mwingine. Uzito, sauti kuzama na urefu wa dakika 6 ni mambo matatu yenye vyanzo vitatu tofauti, na hakuna hata kimoja kinachotibiwa na biti.

Kwanza hiyo hofu ya kulaza watu. Mwaka 1978 Willie Nelson alitoa Stardust, nyimbo 10 za zamani zilizoimbwa kwa utulivu, nyingi polepole kabisa, prodyuza akiwa Booker T. Jones. Wakubwa wa kampuni yake, Columbia, waliiona kama kamari mbaya. Iliuza mamilioni ya nakala na ikakaa kwenye chati ya albamu za kantri Marekani kwa takriban miaka 10. Msikilizaji wa kantri hakimbii wimbo wa polepole. Anachokimbia ni wimbo wa nne unaoanza kwa mpigo uleule wa gitaa, kwenye kii ileile (noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake), na kiitikio kinachoingia palepale kilipoingia katika zile tatu zilizotangulia. Hapo hata ungeimba kwa mapigo 120 kwa dakika angechoka tu.

Sasa tuuchukue huo wimbo wa dakika 6, tufanye hesabu. Tuseme uko kwenye mapigo 66 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa nyimbo hizi. Kila baa ya mapigo manne inachukua sekunde 3.6. Kama una utangulizi wa baa 4, beti 3 za baa 16 na viitikio 3 vya baa 16, hizo ni baa 100, yaani dakika 6 na sekunde 4. Ukipandisha mwendo, tuseme hadi 72, utapata dakika 5 na nusu. Umepoteza utulivu wote wa wimbo na umeokoa nusu dakika. Ili kasi peke yake iufikishe kwenye dakika 4 ungelazimika kwenda mapigo 100, na huo si wimbo uleule tena. Lakini ukibaki kwenye 66, ukaondoa ubeti mmoja, ukafupisha kiitikio kiwe baa 8 na ukaacha baa 4 za ala katikati, unapata baa 64: dakika 3 na sekunde 53. Mkasi uende kwenye maneno. Wimbo wa polepole hauvumilii ubeti unaorudia jambo ambalo ubeti wa kwanza umeshalisema, kwa sababu msikilizaji amepewa muda mrefu mno wa kuligundua hilo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye maneno, nikae hapa kidogo, maana waimbaji wengi wa kantri kwa Kiswahili wanakwama hapa bila kujua. Mashairi ya kantri ya Kimarekani yamejaa maneno ya silabi moja, na mstari hufungwa kwa neno fupi linaloangukia pigo zito na kushikiliwa. Kiswahili hakiendi hivyo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukichukua melodia ya mtindo ule na kubandika neno la Kiswahili, silabi ya mwisho, ambayo ni dhaifu, inabebeshwa pigo zito na noti ndefu. Sikio la mwenye lugha linasikia kitu kimepinda hata kama hajui ni nini. Fikiria neno "barabara": mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, BA, ni njia ya magari, ukihamia kwenye silabi ya pili, RA, maana inakuwa sawasawa, ipasavyo. Dawa ni kumalizia mstari kwa noti mbili badala ya moja: silabi yenye mkazo iangukie pigo na kushikiliwa, ya mwisho idondoke nyuma yake kwa ulaini. Pitia nyimbo zako zote 14 kwa kalamu, upigie mstari silabi yenye mkazo katika kila neno la mwisho, kisha uimbe ukipiga makofi kwenye pigo la kwanza la baa. Pasipokutana, sogeza melodia. Neno liache kama lilivyo.

Upande wa pili, lugha yetu inakupa zawadi ambayo Nashville, kitovu cha kantri Marekani, hawana: karibu kila neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo noti ndefu ina mahali pa kukaa. Ila irabu hazilingani. Noti yako ya juu kabisa kwenye kiitikio iangukie A au E. I na U huku juu hubana koo na sauti hutoka nyembamba. Ukiona unakaza shingo kila ufikapo kwenye "wewe ni wangu", badilisha mpangilio wa sentensi kabla hujalaumu sauti yako. Kama umezoea kutunga tarbia, kipande kimoja cha mizani 8 kinakaa vizuri kwenye baa 2 za mapigo 66: kama sekunde 7, pumzi ikiwemo. Ubeti mzima wa mishororo 4 yenye mizani 16 ni baa 16 kamili. Ndiyo maana beti 2 zinatosha.

Kutoka 14, chagua 10. Andika kwenye karatasi moja kila wimbo na vitu vinne: mwendo, aina ya mpigo, kii, na neno la kwanza linalosikika. Nyimbo mbili zinazofuatana zisilingane zaidi ya vitu viwili. Taratibu si mwendo mmoja: una mpigo wa tatu kama waltz, una ule wa mapigo manne ambapo kila pigo linagawanyika mara tatu, una mapigo manne ya kawaida, na una wimbo usio na mpigo kabisa, gitaa moja na sauti ikienda kwa pumzi yake. Changanya hizo na tayari una albamu inayopumua kati ya mapigo 60 na 84. Kwa kii, tafuta kwanza noti ya juu unayoweza kuishikilia sekunde 4 jioni ukiwa umechoka. Noti ya juu ya wimbo ikae angalau toni moja chini ya hiyo. Halafu angalia mwanzo wa ubeti: kama noti za chini zinageuka hewa tupu, kii imeshuka mno, sogeza kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) juu fito moja au mbili. Hapa sauti nyingi huzama kabla maikrofoni haijawashwa.

Pale ambapo prodyuza wako ana haki ni kwenye maonyesho. Watu wa usiku wa kantri Kenya huja wakiwa na kofia na viatu vyao, na wanataka kucheza. Nyimbo 2 kati ya 10 zenye mapigo 90 hadi 100, ya 3 na ya 7 kwa mfano, hazitaharibu chochote na zitafanya zile za polepole zisikike polepole kwa makusudi. Kama huna za namna hiyo kati ya 14 zako, usilazimishe. Nyimbo 9 zilizokamilika ni bora kuliko 10 zenye moja ya kujaza nafasi.

Gitaa la stili kwa kinanda: hapana, na sababu ni ya kimakanika. Gitaa hilo, kwa namna linavyofungwa sana Nashville, lina nyuzi 10, pedali 3 za miguu na nyenzo 4 au 5 za magoti. Kila pedali huvuta uzi mmoja au mbili tu, huku nyingine zikibaki tuli. Kile kilio unachokipenda ni sauti moja inayopanda ndani ya koda (noti kadhaa zinazolia pamoja) huku jirani zake zimetulia. Gurudumu la kinanda huinamisha noti zote kwa pamoja. Ndiyo maana inatoka kama king'ora, na kwenye wimbo wa polepole hakuna pa kuificha. Una njia tatu za kweli. Unaweza kumlipa mpigaji aliye mbali akurekodie kwake kwa baadhi ya nyimbo: mtumie miksi ya muda yenye faili inayoanzia sekunde sifuri, mwambie mwendo na kii, na umwombe akupigie mara mbili, bila mwangwi. Unaweza kutumia gitaa la kawaida na kipande cha kioo kidoleni, au fidla, kwa mtu anayeijua vizuri. Au nafasi ya stili uwape waitikiaji waiimbe.

Njia hii ya tatu usiione ya kimaskini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Nashville yenyewe, chini ya watu kama Chet Atkins na Owen Bradley, iliondoa fidla na stili kwenye rekodi nyingi ikaweka kundi la ala za nyuzi za okestra na waitikiaji wa taratibu kama Anita Kerr Singers na Jordanaires. Nyimbo za Jim Reeves ambazo wazee wetu walizisikiliza redioni zilitengenezwa kwa njia hiyo. Waitikiaji 4 waliokulia kwaya, wanaoimba "uuu" kwa sauti nne wakiwa wamesimama mita moja na nusu kutoka maikrofoni moja, ni kitu ambacho Nakuru haijapungukiwa. Mimi ningelipia stili halisi kwa nyimbo 2, zile nzito kuliko zote, na nyingine ningeziachia gitaa, piano na waitikiaji.

Mpangilio wa ala una kanuni moja ya zamani: sauti ikiimba, ala zinasindikiza; sauti ikinyamaza, ala moja inajibu. Moja tu. Floyd Cramer alijulikana kwa piano yake ya noti zinazoteleza, na ukimsikiliza vizuri utaona anaingia mwimbaji anapovuta pumzi, kisha anaondoka. Kabla ya studio, andika kwa kila ubeti nani anajibu: ubeti wa kwanza gitaa, wa pili piano, kiitikio cha mwisho stili. Wasiotajwa wakae kimya, hata kama wamelipwa. Kwenye dramu tumia brashi, au fimbo iliyolazwa ukingoni, na angalau nyimbo 3 zisiwe na dramu kabisa.

Siku 6 zinatosha mkipiga pamoja. Siku ya kwanza fungeni ala na mrekodi nyimbo 2. Ya pili na ya tatu, nyimbo 4 kila siku: wewe, gitaa, besi na piano kwa wakati mmoja, wewe ukiwa chumba kingine au nyuma ya magodoro, mara 3 hadi 5 kwa kila wimbo, basi. Mkivuka mara 5 mnaanza kucheza kwa kumbukumbu na roho imeondoka. Siku mbili za sauti, siku moja ya waitikiaji na ala za kujibu. Miksi haimo katika siku hizi 6, iwekee pesa yake. Utaona wapigaji wakikimbia kwenye nafasi kati ya mapigo. Kwa mapigo 66 ni karibu sekunde nzima ya ukimya, na mkono wa binadamu hauupendi. Weka metronomu 132, sauti ya chini, ili wahesabu nusu za pigo. Kwa ule wimbo wa gitaa pekee, izime kabisa.

Ukimya huo huo unaanika kila kitu. Feni, jenereta, matatu inayopiga honi nje, mvua kwenye mabati: kwenye wimbo wa kasi havisikiki, kwenye wako vitakaa mbele. Rekodi sekunde 30 za chumba kitupu, uzisikilize kwa kupandisha sauti juu kabla hujaimba neno. Nyuzi za gitaa zibadilishwe siku moja kabla, na maikrofoni ya gitaa ielekee fito ya 12 kwa umbali wa sentimita 25 hivi. Ikielekea tundu inavuma. Wewe mwenyewe simama sentimita 15 hadi 20. Jim Reeves alifahamika kwa kuimba karibu na kwa sauti ya chini, na maikrofoni za upande mmoja huongeza besi kadiri unavyozikaribia, ndipo ule ujoto unapotoka. Ukishuka chini ya sentimita 10 ujoto unageuka tope. Kwenye noti kubwa za kiitikio rudi nyuma nusu hatua.

Programu za kunyoosha sauti zitumike kwa noti moja moja, kwa mkono. Zikiachwa zijiendeshe zinafuta ule mtelezo wa kuingia kwenye noti, na mtelezo huo ndio kantri yenyewe.

Uzito wa majaribio yako, kwa maelezo uliyonipa, naudhani uko kati ya hezi 200 na 400 (hezi hupima sauti ilivyo chini au juu). Hapo besi, mkono wa kushoto wa piano, gitaa, kinanda cha kujaza nyuma na sauti iliyoimbwa karibu mno vyote vinagombania kiti kimoja. Mwombe prodyuza azime kwanza kile kinanda cha nyuma, msikilize dakika nzima bila kugusa kingine. Mara nyingi nusu ya tatizo huondoka papo hapo. Kisha gitaa likatwe chini ya hezi 100, lipunguzwe desibeli 2 au 3 karibu na 250, na piano ipungue desibeli 2 kati ya hezi 2,000 na 4,000, mahali konsonanti zako zinapoishi. Mwangwi wa sauti uwe na mkia wa sekunde 2 hivi, uchelewe milisekunde 60 hadi 90 baada ya neno, na ukatwe chini ya hezi 200. Ukianza papo hapo unaisukuma sauti nyuma ya ukuta. Mkia ukirefuka zaidi unafunika mstari unaofuata. Kompresa, yaani kifaa kinachobana sauti kubwa zisiizidi mno ndogo, tumieni mbili zinazofuatana, kila moja ikibana desibeli 3 tu, badala ya moja inayokaba. Kipimo cha mwisho ni simu: iweke mezani kwa sauti ya chini, mtu asiyeujua wimbo aandike maneno anayoyasikia.

Kwenye mastaringi, hatua ya mwisho baada ya miksi, usikubali kila wimbo ukazwe ulingane. Huduma kama Spotify hushusha nyimbo zenye kelele hadi karibu LUFS −14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kukaza zaidi hakukupi chochote ila kunakunyima pumzi. Wimbo wa gitaa pekee ubaki mdogo kuliko wenye waitikiaji.

Kuhusu ule wa kutafsiri, nisikufiche: uache nje ya albamu hii mpaka upate ruhusa kwa maandishi. Kuimba upya wimbo wa mtu kama ulivyo kuna leseni zake za kawaida, lakini tafsiri ni kutengeneza kazi mpya kutokana na yake, na anayeruhusu ni mwenye haki za utunzi au mchapishaji wake. Mwimbaji aliyeufanya ujulikane huenda hana mamlaka hayo. Leseni za kurudia wimbo zinazouzwa na wasambazaji wa mtandaoni kwa kawaida hazigusi maneno yaliyotafsiriwa. Barua inaweza kuchukua miezi, na wimbo mmoja usiokuwa na ruhusa unaweza kusababisha albamu nzima kuondolewa. Fika KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, uulize utaratibu, na uulize ni shirika gani lenye leseni kwa sasa unaloweza kusajilia tungo zako. Na wewe na prodyuza andikeni kabla ya siku ya kwanza nani anamiliki utunzi, nani rekodi, na kwa asilimia ngapi. Karatasi hiyo ipitiwe na wakili anayejua hakimiliki.

Jambo moja siwezi kulipima kwa maandishi: koo lako. Kama ile sauti kuzama ilianza na ukwaruzo ambao umepita wiki 3, ahirisha studio umwone daktari wa masikio, pua na koo. Ukiwa na maumivu ya kumeza, au ukikohoa damu, nenda leo. Ukiwa mzima, usiimbe zaidi ya saa 3 kwa siku za kurekodi, na usipange siku ya sauti asubuhi baada ya onyesho la usiku.

Wiki hii rekodi nyimbo zako 10 kwa simu, gitaa na sauti tu, kwa mwendo na kii ulizoandika kwenye karatasi, umpelekee prodyuza kabla hujalipa siku ya kwanza. Zisikilizeni mkiwa mmekaa pamoja. Zile ambazo bado atasema zinaburuta, labda 2 au 3, mzijaribu kwa njia yako na kwa njia yake, nusu saa kila moja, na mpigaji besi ambaye hakuwemo kwenye ubishi awaambie ni upi aliousikia hadi mwisho.